Shule mbadala ndogo ya umma, California: uzoefu wangu kama mzazi

Wazazi wengi wananiuliza kuhusu shule aliyomalizia mwanangu, ile ndogo ya wilaya inayopokea vijana walioachwa nyuma kwa krediti, yaani alama anazopata mwanafunzi kwa kila somo alilolikamilisha. Jina naliweka kapuni. Ninachotaka kueleza ni jinsi ya kuzisoma takwimu zake, maana hizo ndizo zinazowatisha watu.

Ukiifungua kwenye California School Dashboard, tovuti ya jimbo inayoonyesha matokeo ya shule kwa rangi, unakutana na nyekundu, rangi ya matokeo mabaya zaidi. Kabla hujafunga ukurasa, jiulize nyekundu hiyo imetoka wapi. Shule za aina hii hupokea vijana kuanzia miaka 16. Mtihani wa jimbo wa Kiingereza na hisabati kwa sekondari ya juu hufanywa darasa la 11. Kwa hiyo mtoto aliyeharibikiwa na miaka miwili kwingine anahamia mwanzoni mwa mwaka wa masomo, anakaa miezi michache, anaufanya mtihani, na mapengo yote aliyokuja nayo yanaingia kwenye hesabu ya shule mpya.

Kuhitimu ndiko kunakoiumiza zaidi. Kipimo cha kawaida ni kumaliza ndani ya miaka 4. Kijana akifika mwaka wa mwisho na nusu ya krediti, kisha akapambana akamaliza mwaka unaofuata, kwa kipimo hicho hakuhitimu. Na chini ya sheria ya shirikisho ya 2015, ESSA, sekondari inayoshindwa kuhitimisha theluthi moja ya wanafunzi au zaidi huwekwa kwenye orodha ya shule za kusaidiwa. Jimbo lenyewe linalijua tatizo hili, ndiyo maana lina hadhi ya DASS, yaani hadhi ya shule mbadala kwenye Dashboard, kwa shule ambazo angalau 70% ya wanafunzi wako kwenye mazingira magumu: waliofukuzwa kwingine, walio kwenye malezi ya kambo, wasio na makazi, waliopungukiwa sana krediti. Kwa shule hizo tafuta pia kiwango cha mwaka mmoja, yaani kati ya waliokuwa darasa la 12 mwaka huo, wangapi wamemaliza. Mimi hicho ndicho nilichokiamini.

Halafu kuna udogo. Wanaotarajiwa kuhitimu wakiwa 40, vijana wawili tu wakiacha shule asilimia inashuka kwa 5. Mwaka huu shule inasifiwa, mwakani inalaumiwa, na walimu ni walewale.

Kwenye mchanganuo wa wanafunzi, kundi lenye watoto chini ya 11 matokeo yake hufichwa kwa kinyota, ili mtu asiweze kumtambua mtoto. Mwanangu alikuwa ndani ya kinyota hicho. Ameandikwa Mweusi, kundi moja na Wamarekani Weusi wa vizazi vingi, na kwa sababu fomu ya usajili iliuliza lugha ya kwanza ya mtoto nasi tukajaza Kiswahili, akapimwa Kiingereza pia. Ukitafuta kwenye takwimu hizo jinsi watoto wa Waafrika wahamiaji wanavyofanya, utatafuta mpaka uchoke.

Tuje darasani. Walimu wachache, madarasa madogo. Kila mwanafunzi alikuwa na karatasi yake ya krediti, na kila Ijumaa mshauri alikaa naye wakaziwekea alama zilizokamilika kwa kalamu ya kijani. Mwanangu, aliyekuwa haongei kitu kuhusu shule, alianza kuniambia, “Mama, imebaki historia na sayansi tu.” Akichelewa, simu yangu ililia kabla saa ya kwanza haijaisha. Kule alikotoka, taarifa ya utoro niliipata kwa barua, mambo yakiwa yameshaharibika.

Lawama ninazo. Ratiba ni fupi. Kisheria shule hizi zinaweza kufundisha saa 15 tu kwa wiki, na mchana mtoto yuko nyumbani na simu mkononi. Maabara hakuna. Kibaya zaidi, masomo mengi hayakuwa kwenye orodha ya A-G, yaani masomo ya sekondari yanayotakiwa na vyuo vikuu vya umma vya UC (University of California) na CSU (California State University), na hakuna aliyetuambia siku ya kuandikisha. Diploma, yaani cheti cha kumaliza sekondari, ni halali, lakini njia ya kwenda huko moja kwa moja ilishafungwa. Mwanangu amepitia chuo cha jamii, ambako diploma inatosha kuingia, na anapanga kuhamia CSU akitimiza masharti ya uhamisho. Kwa hiyo ukienda kuandikisha, omba orodha ya masomo yenye A-G mkononi kabla hujasaini chochote.