vLLM kwenye GPU: kuinstoli ni mstari mmoja, kazi iko kwenye memori

Niseme mapema tu, hii vLLM, programu ya kuendeshea modeli za lugha (AI zinazojibu kwa maandishi), nimeikubali. Kama una GPU (kadi ya michoro) ya NVIDIA na unataka modeli ya lugha ihudumie watu wengi kwa mpigo, anza na hii kabla hujazunguka kwingine. Naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyobana ina sababu zake.

Kuinstoli kwenyewe ni `pip install vllm`, basi. Ila uwe kwenye Linux (wa Windows mtapitia WSL, yaani Linux ndani ya Windows) na utengeneze mazingira mapya kabisa ya Python, tafadhali sana, maana inakuja na PyTorch (maktaba ya kuendeshea modeli) ya toleo lake iliyojengwa na CUDA (programu ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye GPU) ya toleo lake, ukiichanganya na miradi yako ya zamani vinaanza kugombana na hapo ndo wengi wanakata tamaa wakidhani programu ni mbovu. Kabla ya yote piga `nvidia-smi`, amri ya kuonyesha hali ya kadi. Ile namba ya CUDA inayotokea pale juu ni kiwango cha mwisho ambacho draiva yako inakimudu, sio CUDA iliyoko kwenye mashine, kwahiyo ikiwa ya chini sasisha draiva tu, usianze kufuta futa vitu. Wenye kadi ya T4 wekeni `--dtype half` sababu haina bfloat16, aina ya namba za biti 16 ambayo modeli nyingi zinatumia.

Sasa memori, hapa tukae kidogo. Modeli ya parameta (namba ilizojifunza) bilioni 7 kwa biti 16 inakula GB 14 kwa namba hizo peke yake, hujaongeza kitu, kwahiyo kadi ya GB 24 inapumua na ya GB 16 inabanwa haswa. Halafu ikishawaka inashika asilimia 90 hivi ya memori ya kadi hata kama hakuna anayeuliza chochote. Usishtuke, inajitengea nafasi ya kashe ya KV, yaani pa kuhifadhi hesabu za maneno iliyokwisha kuyapitia ili isizirudie, na uzuri wake wote uko hapo. Wale watafiti waliotoka nayo Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 2023 walionyesha kwamba modeli ya OPT ya bilioni 13 inaweza kutumia mpaka GB 1.6 za kashe kwa ombi moja la tokeni (vipande vya maneno) 2048, na mifumo ya kabla ilikuwa inatenga nafasi nzima mapema halafu sehemu kubwa inakaa bure. Wao wakachukua mbinu ya kurasa za memori kutoka kwenye mifumo endeshi, kashe inakatwa vipande vidogo vinavyogawiwa kadri jibu linavyorefuka, ndo maana kadi ileile inabeba maombi mengi zaidi.

Ikigoma kuwaka kwa kukosa memori punguza kwanza `--max-model-len` (urefu wa juu wa ombi pamoja na jibu, kwa tokeni), mfano 8192, kwasababu modeli kama Llama 3.1 inakuja na muktadha wa tokeni 131,072 na vLLM inataka iwe na uhakika ombi moja la urefu huo linaenea. Bado inagoma? Tafuta toleo la modeli lililobanwa kwa mbinu ya AWQ mpaka biti 4, linakula memori kidogo.

Nyota niliyobana ni ya huko kwenye kuwaka. Inachukua muda mrefu, na ikifeli inamwaga maandishi marefu ambayo mstari wa mwisho unakuambia tu injini imeshindwa kuanza, sababu yenyewe imezama mbali huko juu, kwa mgeni hiyo ni mateso na wangeweza kuileta chini ionekane.

Kama mtumiaji ni wewe peke yako kwenye laptop, llama.cpp au Ollama, programu nyepesi za kazi hiyohiyo, inakutosha na utalala mapema. Ila ukiwa na watu nyuma yako, `vllm serve` inakupa seva kwenye poti 8000 yenye API (njia ya programu kuongea na modeli) ya mtindo wa OpenAI, programu zako za zamani unazibadilishia anwani na jina la modeli tu. Na uweke `--api-key` kabla hujaifungua nje ya mashine yako, maana bila hiyo yeyote atakayeifikia poti anaitumia GPU yako atakavyo.