Duka la vitabu lililoniuzia riwaya ya Kuli isiyo na kurasa 16

Nimejizuia wiki kadhaa nisiandike haya, kwa sababu nikiandika na hasira kesho yake hujuta. Lakini hasira yenyewe haipoi, basi naandika. Wapenda riwaya wenzangu wa Tanga, kuna duka la vitabu pale mjini. Jina sitalitaja. Msiende. Au nendeni, maana riwaya za Kiswahili hapa kwetu hazipatikani kila mlango, ila msitoe pesa mfukoni kabla hamjasoma yaliyonikuta.

Nilitunza maktaba ya shule mpaka nikastaafu. Sasa nakaa Ngamiani na Baba yangu, ambaye presha ya macho imemchukulia nuru yote ya jicho la kulia na karibu yote ya kushoto. Alikuwa mtu wa gazeti kila asubuhi kibarazani. Ilipofika siku akawa analishika gazeti tu bila kugeuza ukurasa, nikamwambia, Baba, nitakuwa nakusomea mimi. Tangu hapo kila baada ya sala ya Isha tunakaa, yeye kwenye mkeka ameegemea ukuta, mimi kwenye kigoda karibu na taa.

Tulianza na Utubora Mkulima, kwa sababu Shaaban Robert ni wetu, mzaliwa wa Vibambani hapo hapo Tanga, mwaka 1909, na Baba hawezi kuanza na mtu wa mbali akamwacha wa nyumbani. Akampenda Utubora kwa kuacha mshahara akashika jembe, lakini akasema huyu mwema mno, mimi sijapata kuishi na mtu wa namna hii. Tukaja Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021. Niliposoma habari ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa rehani kwa deni la baba yake na mwenyewe hajui, Baba aliniomba nisimame. Tukaendelea kesho yake. Tafsiri ile imetulia, unasahau kabisa kwamba kitabu kilizaliwa katika Kiingereza. Kitafuteni.

Kisha nikasema sasa zamu ya Kuli.

Kuli ni ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, na nilikuwa nimeisoma ujanani nikaiazimisha mpaka nakala yangu ikapotelea kwa watu. Ni habari ya Rashidi wa Unguja, ambaye baba yake anafia kazini bandarini na yeye mwenyewe akikua anaingia bandari ile ile, na habari ya makuli wanaojifunza kusema hapana, mpaka ule mgomo mkubwa wa 1948. Nilitaka kumsomea Baba kwa sababu Baba alikuwa kuli. Kuli wa bandari ya Tanga, enzi meli zinatia nanga nje huko majini na mzigo unafuatwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo. Siku hizi wamechimba kina, meli zinafunga gatini. Zamani robota la katani, kilo 250, lilipakiwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi ubavuni mwa meli, kisha winchi ikaliinua na watu wako chini yake. Kazi hiyo Baba aliifanya mpaka mgongo ukakataa. Na kwetu hakuwahi kuisimulia. Tulijua tu alikuwa bandari.

Kwa hiyo mnaona kitabu hiki nilikitafuta kwa moyo gani.

Nikakikuta katika duka hilo. Huko mbele ni madaftari, rimu za karatasi, mabegi ya watoto, vitabu vya mitihani vya kila darasa. Riwaya zimesukumwa rafu ya chini kabisa, nilipiga magoti kuzifikia. Kuli ilikuwepo, jalada linang'aa, na juu yake bei ya kitabu kipya, shilingi 18,000. Sikuomba kupunguziwa hata senti. Nililipa nikiwa na furaha, nikapanda bajaji nimekikumbatia.

Jioni nilipokifungua sawasawa nikaona maandishi yamefifia pembeni na mgongo umebandikwa gundi tupu. Fotokopi. Moyo uliniuma, lakini Baba alikuwa keshakaa mkekani anasubiri. Nikasema potelea mbali, tutasoma. Tukasoma jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba amesimamisha kila kitu, hata kahawa anaiacha inapoa. Jioni ya nne nikafika mwisho wa ukurasa wa 96, sentensi iko katikati, nikageuza, na ukurasa unaofuata ni wa 113.

Nikarudi nyuma. Nikalowesha kidole nikidhani karatasi zimegandana. Hazikugandana. Hazipo.

Kwa asiyejua, vitabu vya kushonwa havichapwi karatasi moja moja. Karatasi moja kubwa hukunjwa mara tatu, zikatoka kurasa 16, na mafungu ya kurasa 16 hupangwa yakashonwa kwa uzi. Uzi ukilegea, linalodondoka ni fungu zima. Mafungu ya namna hiyo nimeyashona mimi, kwa sindano ya shazia, mamia, pale shuleni. Toa 96 katika 112: 16 kamili, fungu la saba. Nilielewa palepale kilichotokea. Kuna mtu alichukua kitabu kikuukuu kilichodondosha fungu, akakitia kwenye mashine kama kilivyo, hakuhesabu, hakusoma, akakivalisha jalada jipya. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na mwandishi hapo hakupata hata thumuni, wala msomaji hakupata kitabu.

Kesho yake asubuhi nikarudi dukani. Nilikwenda kwa adabu, nataka hilo lijulikane. Nikamkuta kijana wa kaunta, umri wa wanangu wa mwisho, nikamsalimu, nikamwekea kitabu mbele pamoja na risiti.

"Mwanangu, hiki kimepungua kurasa."

Hakukitazama. "Mama, kitabu kikishatoka hakirudi."

"Sikirudishi kwa sababu sikitaki. Nakitaka kizima. Nibadilishie."

Akainuka kwa kuvuta miguu, akaenda rafuni akaleta nakala nyingine. Nikaifungua hapo hapo. 96, 113. Nikaomba ya tatu. 96, 113. Zote alizokuwa nazo zimeruka mahali pamoja. Nikamwonyesha kwa kidole, nikasema, tazama, umeuza na wengine hizi. Ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinabana:

"Si hadithi tu hii, mama? Kingekuwa cha shule sawa. Kurasa chache zinakupunguzia nini, mwisho wake si unaupata?"

Palikuwa na mama mmoja ananunua madaftari, akacheka. Sikujibu. Mimi ambaye nimewajibu wakaguzi na wakuu wa shule, sikupata neno. Nilichukua kitabu changu nikatoka, nikatembea mpaka Ngamiani kwa miguu na jua lile.

Hadithi tu. Bibi zetu wakisema paukwa, watoto tukaitikia pakawa, bibi akiruka mahali mtoto mdogo kuliko wote alimsimamisha: bibi, na yule mdogo wao alikwenda wapi? Alilazimika kurudi. Kijana huyu anakaa mchana kutwa na Rosa Mistika, na Nyota ya Rehema, na Utengano, ziko karibu na vidole vyake vya miguu, na hakuna aliyepata kumwambia ndani mna nini. Nikifika hapo namwonea huruma kidogo. Pengine shuleni alipewa riwaya kwa ajili ya mtihani tu, akakariri majina ya wahusika, akayatapika, akasahau. Lakini huruma hiyo haikai, kwa sababu hakuna aliyemkataza kuwa na adabu. Mtu akikuletea sukari kilo moja imepimwa robo tatu utamwambia si sukari tu?

Mwenye duka nilimpigia, namba iko kwenye risiti. Alisema atalishughulikia. Hiyo ni wiki kadhaa sasa.

Jioni ile nilimweleza Baba. Nilidhani atakasirika kama mimi. Akauliza, "Umeishia wapi?" Nikamwambia, makuli wameanza kunong'ona kwamba hali hii haivumiliki. Akanyamaza, anapapasa ukindu wa mkeka. Akasema, "Soma kuanzia hapo kitabu kinapoendelea. Ya katikati nitakupa mimi."

Nikaweka kitabu chini.

Akanisimulia siku waliyokataa kushuka kwenye tishari. Kamba ya slingi, ile inayoshika mzigo winchi ikiuinua, ilikuwa imekatika nyuzi, kila mtu anaiona, na serangi, msimamizi wao, anasema itafaa kwa leo. Wiki iliyotangulia slingi ilikuwa imefunguka bahari ikiwa na mawimbi, robota likamwangukia mwenzao mguuni, wakamleta nchi kavu amelala juu ya magunia. Baba alikuwa ameushika mguu ule safari nzima kuzuia damu. Kwa hiyo asubuhi ile aliketi. Hakusema neno, aliketi tu kwenye gati, na aliyekuwa nyuma yake akaketi, na wa nyuma yake, mpaka genge zima likaketi. Wakaitwa majina. Wakaambiwa vibarua wa kuwabadilisha wako nje ya lango. Wakakaa mpaka adhuhuri, kamba mpya ikaletwa, wakashuka kazini, na mwisho wa juma Baba alikatwa siku nzima ya ujira. Mama, Mungu amrehemu, hakuambiwa kwa nini pesa imepungua.

Nina umri wa zaidi ya miaka 60. Nilikuwa sijapata kulisikia hili.

Hapo sasa ndipo hukumu yangu inapochanganyikiwa. Je, ningepata nakala nzima, Baba angelisema? Nimelipindua swali hili usiku mwingi. Na nikifika mahali pa kutaka kulishukuru duka lile, naisikia tena sauti ya kijana yule, na shukrani inakauka. Walichonipa hawakunipa wao. Pesa yangu bado naidai.

Kuli nzima niliipata baadaye kwa mwalimu mwenzangu wa zamani anayekaa Chumbageni, nakala ya miaka mingi, karatasi zimekuwa rangi ya chai na mafungu mawili yanacheza. Nimeyashona kabla sijamrudishia. Zile kurasa 16 nilimsomea Baba usiku mmoja bila kusimama. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia pale mwanzo." Akauliza kama mwandishi alipata kuwa kuli. Nikamwambia, alikuwa Mzanzibari aliyeona mengi. Baada ya Mzee Karume kuuawa Aprili 1972 alifungwa, na humo ikatoka riwaya nyingine, Haini. Baba akasema na hiyo tutaisoma, lakini si sasa, kwanza apumzike na jela.

Basi kwa wanaoniuliza nisome nini: Kuli kwanza, na someni kwa sauti kama mna mtu wa kumsomea, kwa sababu mazungumzo yake yameandikwa kwa sikio. Vuta N'kuvute ya mwandishi huyo huyo wengi wenu mmeiona filamu yake ya Amil Shivji. Kitabuni kuna Yasmin mwenyewe, binti aliyeozwa mzee asiyemtaka, na kuna moyo wake kwa ndani, ambao kwenye picha huwezi kuuona wote. Rosa Mistika ya Kezilahabi ni ya 1971 na bado inauma. Wazazi wakali wa mabinti waisome wao kwanza. Mzimu wa Watu wa Kale nitaiacha kwa wanaopenda upelelezi, Bwana Msa na kiko chake. Mimi nilikuwa namaliza kwa siku mbili.

Na Nyota ya Rehema. Mohamed Suleiman Mohamed alimwandika Rehema na Sulubu wake, na shamba walilolilima kwa mikono yao, kwa Kiswahili ambacho nikikisoma kimyakimya naona nakidhulumu. Hiyo ndiyo Baba amechagua ifuate. Mwalimu wa Chumbageni hana. Nimeuliza Makorora, nimeuliza Raskazone kwa mzee mmoja mwenye kabati zima la vitabu, hawana. Ipo pale dukani, rafu ya chini, niliiona siku ile nimepiga magoti.

Nitakwenda kesho. Nitavaa miwani, nitaiweka juu ya kaunta na kuigeuza ukurasa mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kijana yule atasimama anitazame mpaka nimalize kuhesabu.