Mbegu za maua ya gayardia "Arizona Sun": nilivyozipanda Murara, mtaa wa Goma, juu ya mawe ya volkano

Pakiti yenyewe inaenea kiganjani. Ndani yake kuna kifuko kingine cha karatasi ya fedha, na humo mbegu. Nilizimwaga mezani juu ya kitambaa cheupe nikazihesabu moja moja: 50 kamili, kama ilivyoandikwa. Nililipa dola 4 katika duka moja la pembejeo hapa Goma. Mama mkwe aliposikia bei aliniuliza, "Mama, dola nne, na hayaliwi?" Sikuwa na jibu siku ile.

Naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu anasimama mbele ya ukuta wetu kuuliza ni maua gani yale na nimeyatoa wapi. Mimi ni fundi wa kushona, wateja wangu wananingoja barazani, na nimeshindwa kueleza haya yote kwa ukamilifu huku mashine inanisubiri.

Kwanza pakiti. Picha ni nzuri na ni ya kweli, hilo nitalisema tena. Maelezo yako kwa Kifaransa na Kiholanzi, yametungwa kwa watu wenye majira ya baridi: panda mwezi wa Machi ndani ya nyumba, hamishia nje baridi ikiisha. Kwetu hayo hayana maana. Na kibandiko cha bei cha duka kilikuwa kimewekwa juu ya tarehe ya mwisho ya mbegu. Nilikibandua kwa ukucha nilipofika nyumbani, nikakuta muda umepita miezi 8. Nilirudi dukani. Muuzaji akasema, "Mama, mbegu haiozi, panda tu." Mbegu zilikuja kuota, kweli, lakini nasema wazi kwamba kufunika tarehe si haki. Mtu anayetoa dola 4 ana haki ya kujua ananunua nini.

Sasa kupanda. Nilianza Oktoba 2023, mvua zikiwa zimekolea, na nilianza vibaya kwa sababu ya kupenda kupita kiasi. Nilitafuta udongo mweusi mzuri, nikachanganya na samadi ya ng'ombe, nikafukia mbegu 25 kwa kina cha ukucha mzima, nikamwagilia asubuhi na jioni. Zikachomoza nne tu. Siku ya tano baada ya kuchomoza zilikuwa zimelala. Niliinua moja kwa ncha ya sindano: juu majani mawili bado mabichi kabisa, chini pale shina linapogusa udongo limesinyaa, jembamba na jeusi kama uzi ulioungua. Zote nne zikaisha hivyo hivyo.

Mtoto wa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyenitafutia habari kwenye simu, na hapo nikaelewa nimemlisha mgeni chakula asichokula. Gayardia ni jamaa ya alizeti. Asili yake ni Meksiko na nyanda kavu za Amerika ya Kaskazini, na jina lake alipewa kwa heshima ya hakimu mmoja Mfaransa wa karne ya 18, Gaillard de Charentonneau, aliyependa elimu ya mimea. Hii yenye maua makubwa ilitokana na aina mbili za porini kuchanganyika, na mchanganyiko huo ulionekana kwanza Ubelgiji mwaka 1857. "Arizona Sun" ni ya juzi tu. Mwaka 2005 ilipata tuzo ya All-America Selections kule Marekani. Lakini damu yake bado ni ya nyika. Inataka jua la kutwa, ardhi isiyotuamisha maji, na chakula kidogo. Ukiirutubisha inatoa majani mengi na kulala; ukiiachia maji miguuni inaoza.

Ardhi isiyotuamisha maji! Nyumba yetu iko Murara, pale lava ya volkano ilipopita Januari 2002 ikaganda kuwa mawe. Wanaoijua Goma wanajua: unachimba kwa nyundo, si kwa jembe. Miaka yote hiyo nimeona mawe haya kama kitu kilichotunyang'anya bustani.

Februari 2024 nikazichukua zile 25 zilizobaki. Safari hii nilichukua mchanga mweusi wa volkano, ule wa chengachenga wanaojengea, nikauchanganya nusu kwa nusu na udongo wa kawaida, bila samadi. Nikajaza trei ya mayai iliyotobolewa chini. Mbegu ya gayardia ukiiangalia karibu imeumbwa kama mwavuli mdogo uliofungwa: chini ina vinyweleo vya kahawia, juu ina magamba membamba yanayong'aa kama karatasi ya vitunguu. Sikuifukia. Niliilaza juu, nikaikandamiza kidogo kwa kidole, kwa maana inahitaji mwanga ili iote. Nikafunika trei kwa mfuko mweupe wa plastiki na kuiweka dirishani penye mwanga lakini si jua kali. Siku ya tisa ikachomoza ya kwanza. Hadi wiki ya tatu zilikuwa 19. Kwa mbegu iliyopitwa na wakati, hayo ni mavuno mazuri mno.

Zilipofikisha majani sita hivi, nilizihamishia kando ya ukuta wa mawe, kila moja na nafasi ya sentimita 30. Kwenye mawe nilichokonoa mashimo, nikatia mchanganyiko ule ule. Mbili zililiwa na kuku wa jirani. Zilizobaki 17 zilishika.

Kisha nikangoja. Na hapa mtu asikate tamaa, maana mimi nilikaribia. Ua la kwanza lilifunguka katikati ya Julai, miezi mitano baada ya kupanda, wakati pakiti inaahidi mapema zaidi. Nadhani sababu ni mwanga: kwao kiangazi siku hurefuka kupita saa 14, na sisi hapa karibu na ikweta tuna saa 12 mwaka mzima.

Ua lenyewe nililipima kwa futi yangu ya kushonea: sentimita 7 na nusu. Katikati ni duara jekundu lililoiva, rangi hiyo inapanda kwenye petali hadi karibu na mwisho, kisha inakatika ghafla na kuwa njano. Na ncha ya kila petali ina meno matatu, kama ukingo wa kitambaa uliokatwa kwa mkasi wa zigizaga ili nyuzi zisifumuke. Siku ile niliacha gauni la watu kwenye mashine nikakaa chini mbele yake. Mteja mmoja alichuma moja akaenda nalo sokoni kutafuta kitenge cha rangi zile zile kwa harusi ya mdogo wake, na akakipata.

Tangu Julai ile maua hayajakoma. Hupungua mvua zikiwa nyingi, Aprili na Novemba, na majani ya chini hupata madoa, nayanyofoa. Kazi kubwa ni moja: kukata maua yaliyozeeka kila baada ya siku mbili tatu, shina lake lote hadi kwenye jani. Ukiyaacha yanageuka mipira ya vinyweleo, mmea unaingia kwenye kutengeneza mbegu na maua yanapungua. Mimi natumia mkasi mzee wa nyuzi. Ule wa vitambaa haugusi mmea.

Maji ndiyo yaliyonifanya niamue kuandika kwa moyo huu. Mjini kwetu maji ni bido, yaani dumu, ya lita 20 inayokuja kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, au mgongoni, na hakuna mama wa hapa atakayemwagia ua maji ya kunywa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti niliipa maji ya suuza ya mwisho mara moja kwa wiki, kikombe kwa kila shina. Ilitosha. Na mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipokosa maji na umeme kwa sababu ya vita na sisi tukiwa tumejifungia ndani, hakuna aliyeyafikiria maua. Siku tulipofungua mlango, baraza lilikuwa limejaa vumbi na ndoo zote tupu, na kando ya ukuta kulikuwa na maua kumi na moja yamefunguka. Mama mkwe ndiye aliyeyahesabu. Tangu siku ile yeye ndiye anayekata yaliyozeeka, na haniachii.

Kasoro nyingine ni umri. Mmea huu hudumu miaka miwili mitatu, si zaidi sana. Mitano kati ya yangu sasa imekauka katikati. Niliachia maua machache yakomae, nikapanda mbegu zake, nikapata miche 12, ila haikufanana na mama zake yote: mmoja umetoa maua ya njano tupu, mwingine umerefuka hadi magotini na kuinama. Ukitaka zile zile za kwenye picha, nunua pakiti upya.

Juzi nilipita dukani, bado zipo, bei bado dola 4, na kibandiko kiko pale pale juu ya tarehe. Mwambie muuzaji akibandue mbele yako kabla hujatoa pesa.