Chanjo ya kichaa cha mbwa, kliniki ya mifugo Unguja mjini

Sindano wahudumu wa kliniki wanaijua: chanjo hutoka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, si mfukoni mwa mtu, na dozi ya mililita 1 huingia chini ya ngozi. Mtoto wa mbwa hawamgusi kabla ya wiki 12, maana kinga aliyopewa na mama huidhoofisha chanjo.

Kasoro ipo kwenye karatasi. Usiondoke mpaka kadi iwe na stika ya namba ya toleo la chanjo, tarehe, sahihi na muhuri.

Mbwa wa kwenda Umoja wa Ulaya aanze na chipu ya tarakimu 15, yaani kitambulisho kidogo kinachowekwa chini ya ngozi; chanjo ikitangulia chipu, haihesabiki. Damu ya kupima kinga hutolewa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha husubiriwa miezi 3 tangu ilipotolewa. Mwenye tiketi ya mwezi ujao, huyo keshachelewa.