Trove na msako wa bondia aliyeshindwa Fiery Creek

Tarehe 3 Desemba 1855, kwa mujibu wa kumbukumbu nyingi za mchezo wa ngumi, wanaume wawili walipigana bila glavu kwa muda wa saa 6 na dakika 15 huko Fiery Creek, katika machimbo ya dhahabu ya koloni la Victoria, nchini Australia, na hadi leo pambano hilo ndilo linalotajwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake. Mshindi alikuwa James Kelly. Aliyesalimu amri baada ya raundi 17 huitwa Jack Smith katika vitabu vingine na Jonathan Smith katika vingine, kisha asitajwe tena. Ni huyo aliyeshindwa aliyenifikisha Trove, huduma ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Australia iliyokusanya mahali pamoja magazeti ya zamani ya nchi hiyo, na ninayoyaandika hapa yametokana na miezi kadhaa ya kumfuatilia humo.

Sifa ninayoithamini kuliko zote ni kwamba Trove haimpi mtu nafasi kwa kipimo cha umaarufu wake. Larry Foley, aliyempiga Abe Hicken karibu na Echuca mwaka 1879 na baadaye akawafundisha vijana ngumi katika hoteli ya White Horse mjini Sydney, ameandikiwa wasifu kamili katika kamusi ya wasifu ya taifa lake, na ndivyo alivyo pia Peter Jackson, aliyepigana raundi 61 na James Corbett huko San Francisco mwaka 1891. Mtu kama Smith hupewa nusu ya sentensi, tena kwa sababu tu mshindi alihitaji mpinzani. Ndani ya Trove, hata hivyo, jina la aliyeanguka hutafutwa kwa njia ile ile na jina la aliyebaki amesimama, na kwa mtafiti wa watu waliosahauliwa huo ni msaada mkubwa mno.

Ukifungua habari, picha ya gazeti huonekana upande mmoja na maandishi yake upande mwingine. Maandishi hayo yamesomwa na kompyuta kutoka kwenye picha, na kompyuta hukosea: herufi h hugeuka b, e hugeuka c, na Smith akawa Smitb ambaye hakuna atakayemtafuta. Trove imemruhusu msomaji yeyote kusahihisha mstari kwa mstari, na sahihisho lake humsaidia kila atakayekuja kutafuta baadaye. Nakumbuka safu moja nyembamba ambamo wino wa ukurasa wa nyuma ulikuwa umepenya hadi mbele. Nilikuza picha mpaka neno moja likajaza kioo, nikalisoma kwa kulinganisha kila herufi na herufi nyingine za safu ile ile, kisha nikaliandika upya. Kazi hiyo ilinichukua jioni nzima, wala sioni kwamba jioni ile ilipotea.

Jina Smith lenyewe ni mtihani. Ukiliandika peke yake utaletewa wachuuzi, wezi, mahakimu na maiti wa nusu karne. Kilichonisaidia ni kuamuru majina mawili yatafutwe yakiwa karibu karibu, yaani Smith na Kelly ndani ya maneno kumi, kisha kupunguza matokeo kwa mwaka, kwa koloni na kwa gazeti, na kuyapanga kuanzia la zamani zaidi. Vichujio hivyo vinafanya kazi vizuri na ni rahisi kuvizoea. Hapo namba hushuka kutoka maelfu hadi kurasa chache ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa macho yake.

Lakini kuzipata kurasa si sawa na kuzielewa, na hapa ndipo ninapomshauri mtumiaji mpya atulie. Magazeti ya wakati ule yalinakiliana bila haya, hivyo matokeo kumi yanaweza kuwa ushahidi wa mtu mmoja uliochapishwa mara kumi. Telegrafu, yaani simu ya maandishi ya kupitia waya, iliunganisha Melbourne na Sydney mwaka 1858 tu. Habari ya mwaka 1855 kutoka machimboni ilifika Sydney kwa barua iliyosafirishwa melini, kwa hiyo hata Bell's Life in Sydney, gazeti la michezo lililokuwa hai wakati huo, lilikuwa mbali na ulingo. Gazeti ndugu yake, Bell's Life in Victoria, lilianza kuchapishwa mwaka 1857, pambano likiwa limekwisha kupita. Ndiyo maana ninaanza na magazeti ya jirani: The Star la Ballarat, lililoanza Septemba 1855, miezi michache tu kabla ya pambano, kisha Geelong Advertiser, kisha The Argus la Melbourne. Masimulizi ya wazee wa ngumi yaliyochapishwa miongo mingi baadaye katika gazeti la michezo la The Referee yana utamu wake, ila niliyasoma mwisho.

Hata mahali pa pambano panahitaji uangalifu. Ngumi za kugombea fedha zilikuwa kinyume cha sheria, na waandaaji walikuwa na sababu ya kuficha uwanja hadi dakika ya mwisho. Kumbukumbu maarufu zinaiweka Fiery Creek karibu na Daylesford, ilhali machimbo ya Fiery Creek yaliyojaa watu mwaka 1855 yalikuwa upande wa Beaufort, magharibi ya Ballarat, na Daylesford iko kaskazini mashariki ya mji huo. Mtafiti anayetafuta kwa neno Daylesford peke yake atarudi mikono mitupu na kudhani kwamba gazeti lilinyamaza.

Inafaa pia kuzijua kanuni za enzi hiyo kabla ya kuusoma mchezo wenyewe. Kwa kanuni za London za mwaka 1838 raundi haikuhesabiwa kwa dakika. Iliisha pale tu mtu alipoanguka, kisha akapewa sekunde 30 za kupumzika na 8 za kurudi mwenyewe kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Gawanya dakika 375 kwa raundi 17, utapata wastani wa dakika 22 kwa kila raundi. Namba hiyo imenifundisha mengi kumhusu Smith: huyu hakuwa mtu wa kuangushwa hovyo, na sehemu kubwa ya siku ile alisimama mbele ya Kelly akisubiri.

Upungufu wa Trove kwa kazi ya namna hii ni kwamba gazeti humwona mtu akiwa ulingoni tu. Kuzaliwa, ndoa na kifo vimo katika rejesta ya Victoria, iliyoanza Julai 1853, na vyeti vyake hulipiwa. Cheti cha kifo chaweza kutaja wazazi wa marehemu na muda alioishi katika makoloni, jambo ambalo gazeti halitakupa. Kabla ya kufika huko niliwahi kulipia tovuti moja ya nasaba iliyoniunganisha na Smith mwingine kabisa, kwa sababu tu miaka ilikaribiana. Niligundua kosa hilo kwa kurudi Trove na kukuta tangazo la kifo cha yule mtu katika wiki ambayo, kwa dhana ya tovuti ile, alipaswa kuwa mzima.

Mwaka 2023, baada ya muda wa wasiwasi kuhusu hatima ya huduma hii, serikali ya Australia iliitengea dola milioni 33 za nchi hiyo kwa miaka minne, na dola milioni 9.2 kila mwaka baada ya hapo. Niliipokea habari hiyo kwa furaha ya dhati. Zipo bado safu za mwaka 1855 na 1856 ambazo hakuna aliyezisahihisha, na baadhi yake nimeshaziweka katika orodha yangu humo humo ndani ya Trove, nikizisoma moja moja, kutoka juu ya ukurasa hadi chini.