Tathmini ya mafunzo ya maadili kazini kwa watumishi wa maghala ya korosho, Mtwara

Mafunzo haya ya siku mbili huandaliwa na kampuni binafsi ya ushauri, ambayo sitaitaja kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kuisifu, na hufanyika katika ukumbi wa hoteli moja ya Shangani, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Walengwa ni makarani wa mizani, watunza ghala, wakaguzi wa ubora na wahasibu wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, pamoja na wenzao wa maghala makuu yanayopokea korosho kutoka vijijini. Niligharimiwa na mwajiri, kama washiriki karibu wote, na ninaandika kwa ajili ya viongozi wa vyama na mameneja wanaojiuliza iwapo ada hiyo, ambayo si ndogo, inarudisha thamani yake. Kwa siku ya kwanza inarudisha. Kwa siku ya pili nina masharti.

Ubora wa siku ya kwanza ulitokana na mwezeshaji kutoanza na orodha ya mema na mabaya. Hakuna karani asiyejua kwamba kupokea fedha ili kupindisha mzani ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea. Jambo hilo halihitaji ukumbi wenye kiyoyozi ili lieleweke. Kigumu ni pale ambapo hakuna shilingi iliyotolewa, anayeomba ni mtu unayepaswa kumheshimu, na anachokiomba kinaonekana kidogo.

Zoezi kuu lilijengwa juu ya hali hiyo. Mbele ya ukumbi liliwekwa gunia la korosho, mzani na bambo, yaani chuma cha kuchomea gunia ili kutoa sampuli, kisha karani mmoja kutoka Tandahimba akatakiwa aigize zamu yake, na mshiriki mwenye umri mkubwa aigize mjomba wake. Mjomba amefika jioni, wingu limetanda, korosho zake hazijaanikwa vya kutosha, naye ndiye aliyesimamia jando la karani huyo na kumlipia ada ya sekondari. Msomaji wa mikoa mingine aelewe kwamba kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ambao ukoo wao hufuatwa upande wa mama, mjomba ana sauti juu ya mpwa wake ambayo pengine hata baba hana. Karani alichoma gunia kwa bambo, akatoa korosho chache, akazitikisa karibu na sikio, na zikawa hazilii kama zinavyolia zilizokauka. “Mjomba, unisamehe, hizi bado zina maji,” alisema kwa sauti ya chini. Mzee akamjibu: “Mpwa wangu, mimi nimekuja kwako au nimekuja kwa hilo bambo?” Ukumbi mzima ulicheka, kwa sababu kila mmoja wetu ameshaulizwa swali hilo kwa namna yake.

Tulipotakiwa kuandika ambacho tungefanya, karibu wote tuliandika kwamba tungefuata taratibu. Mwezeshaji alizisoma karatasi, akaziweka kando na kuuliza: “Na msibani Jumapili mtakaa naye jamvi gani?” Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza, nao ulichukua muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, jambo ambalo ninalihesabu kuwa sifa ya mafunzo wala si dosari.

Aliufikisha mjadala huo mahali pazuri kwa kutumia hesabu badala ya mahubiri. Korosho mbichi iliyopokelewa kijijini hukaukia ghalani, na mzigo ukifika ghala kuu uzito wake huwa pungufu ya ule ulioandikwa. Tofauti hiyo, ambayo sisi huiita unyaufu, lazima ibebwe na mtu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima halipwi siku anayopima bali husubiri mnada, kwa hiyo upungufu hujitokeza baadaye, wakati hakuna tena anayelikumbuka gunia la mjomba, na pakikosekana wa kuwajibika, makato huangukia malipo ya wanachama waliokausha zao vizuri. Hisani aliyofanyiwa mjomba hulipwa na mjane wa kitongoji cha pili, na karani hatamwona akiilipa. Baada ya maelezo hayo, washiriki wenyewe walipendekeza kwamba karani asimpimie ndugu yake bali ampishe mwenzake, na kwamba kila chama kiwe na turubai la kuanikia uani ili mwenye korosho mbichi asirudishwe nyumbani na aibu yake. Mapendekezo haya hayakuwa kwenye kitabu cha mafunzo, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote.

Siku ya pili ilianza na kisa cha chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba. Usiku wa kuamkia safari hiyo wahandisi wa kampuni iliyounda roketi zake walipinga isirushwe kwa sababu ya baridi, lakini wakuu wao waliubatilisha ushauri huo baada ya mmoja wao kuambiwa avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya umeneja. Mwenzangu aliyekaa kushoto alinong’ona kwamba sisi hatuna roketi, tuna magunia. Hata hivyo naona kisa kilichaguliwa vizuri. Tatizo ni kwamba kiliachwa nusu. Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi waliopinga na ambaye baadaye alitoa ushahidi, alitengwa na wenzake kazini, na sehemu hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mtumishi wa ghala.

Upungufu mkubwa wa mafunzo uko hapo. Tulipewa mfano wa meneja anayemwambia mtunza ghala: “Wewe saini tu, lori limeshafika Mnazi Mmoja,” yaani bado liko njiani. Stakabadhi ya ghala ni hati yenye thamani inayoweza kuwekwa dhamana benki, kwa hiyo kuisaini kabla ya mzigo kushushwa ni kuthibitisha mali isiyokuwepo. Jibu la kitabu ni kwamba mtumishi akatae kwa heshima na aandike kumbukumbu. Ni sawa, lakini aiandike kwa nani, ikiwa anayepokea kumbukumbu ni meneja huyo huyo? Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitajwa kwa aya moja, pamoja na namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, bila maelezo ya namna mtu anavyojilinda katika ghala lenye watumishi sita, ambako taarifa isiyo na jina hujulikana mwenyewe kabla ya magharibi. Sikusikia popote kwamba aliyeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, muda ambao wengi huumaliza wakiwa bado wanabembeleza warudishwe.

Isitoshe, mameneja walioalikwa walifungua mafunzo, wakanywa chai ya saa nne na kuondoka. Kampuni ingepaswa kukataa utaratibu huo, hata kama wao ndio wanaosaini hundi, kwa kuwa mfano wa lori la Mnazi Mmoja haukuwa na faida kubwa kwa waliobaki ukumbini.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri, ukumbi ni safi, na samaki wa mchana alikuwa wa siku hiyo. Cheti hutolewa kwa kila aliyehudhuria, hata aliyelala.

Ninaushauri uongozi wa chama ulipie siku ya kwanza kwa makarani wote. Siku ya pili ilipiwe endapo kampuni itakubali kwa maandishi kwamba mameneja watakaa hadi mwisho na kwamba atakuwepo afisa wa kazi au wakili wa kujibu maswali. Maombi yafanyike ili mafunzo yawe Agosti au mapema Septemba, kwa sababu Oktoba mizani ikishafunguliwa hakuna karani atakayeruhusiwa kutoka.