Ganda nyumbufu linaloruka penye mshono: uzoefu wangu na programu ya uigaji

Hadi majuzi ningekuwa wa kwanza kuisifu programu hii ya kuiga mwendo wa punje kwenye kompyuta, kwa sababu mahindi yakimiminwa kwenye mfereji inafuatilia kila punje kwa uaminifu. Hasira yangu inatokana na jambo moja tu, nalo ni ganda nyumbufu, yaani chembe inayoundwa kwa pembetatu nyingi zilizounganishwa ukingo kwa ukingo ili iweze kujikunja na kuvutika. Nyongeza hiyo tuliilipia, tena si kwa bei ya kutupa, tukitaka kujua kiroba cha mahindi kinapoangushwa ghalani kani zinapitaje kutoka kwenye punje hadi kwenye kitambaa.

Kiroba cha kwanza nilichokijaza hakikutulia. Kilikuwa kimelala sakafuni, hakuna kinachokigusa, na bado kilitetemeka kama kina panya ndani.

Nikakiacha, nikabakiza kitambaa bapa na tufe moja linalobingirika polepole juu yake. Katikati ya pembetatu mambo yalikuwa sawa: kani ya mgusano iligawanywa kwa kona tatu kulingana na mahali tufe lilipo, na mafungu hayo yakijumlishwa yalirudisha kani ileile. Tufe lilipofika kwenye ukingo unaoshirikiwa na pembetatu mbili, likaruka. Kitambaa hakina tuta wala shimo, lakini programu ilihesabu mgusano mmoja mara mbili, kila pembetatu na wake, hivyo mbonyeo uleule, yaani kina ambacho tufe limezama kwenye kitambaa, ukazaa kani maradufu. Penye kona inayokutanisha pembetatu sita, heri ninyamaze. Kanuni ya Hertz ya mwaka 1882 inasema kwamba kani ya tufe hukua kwa mbonyeo uliopandishwa kipeo cha 3/2. Haisemi popote kwamba ikue kwa idadi ya pembetatu alizopenda kuzichora mchoraji.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja, nikawaambatishia jaribio hilo. Jibu lilipokuja lilikuwa sentensi moja: niongeze pembetatu. Pembetatu zikiongezeka kingo nazo zinaongezeka, na tufe linajikwaa mara nyingi zaidi. Isitoshe, pembetatu ndogo ina uzito mdogo, kwa hiyo hatua ya muda, yaani kipande kidogo cha muda ambacho programu inakokotoa kwa mara moja, nayo lazima ifupishwe, na kompyuta inakesha kwa kazi ya saa chache. Nilipoyaeleza hayo kwa adabu zote, yule bwana alinijibu, "Ndugu mteja, programu hii imetengenezwa kwa ajili ya wahandisi, na wenzako hawalalamiki." Wenzangu hao, kama wapo, na kama wanaiga viroba bila hata siku moja kujumlisha kani, ningependa kujua ghala zao ziko wapi nisipite karibu.

Kwa haki, mkunjo wenyewe unahesabiwa vizuri sana. Ukizidisha unene wa kitambaa mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kukunjwa unapanda mara nane, sawasawa na nadharia ya mabamba, na mvutano unapita kutoka pembetatu moja hadi jirani yake bila kupungua njiani. Kwa ajili hiyo nilikuwa nimekwisha kuipa nyota tatu.

Kisha likatoka toleo jipya, wakitangaza kwamba migusano imerekebishwa. Ni kweli, tufe haliruki tena. Ila sasa mgusano ukihama kutoka pembetatu moja kwenda nyingine, mbano wa msuguano uliokwisha kujikusanya, yaani kumbukumbu ya jinsi nyuso mbili zilivyosukumana kando, unafutwa na kuanza tena kwenye sifuri, na mbano huo ndio kiini cha mbinu ya kuiga punje moja moja ambayo watafiti Cundall na Strack waliichapisha mwaka 1979. Matokeo yake, punje zinateleza mahali zinapopaswa kushika, na kiroba kilichokuwa kikitetemeka sasa kinanyong'onyea taratibu hadi kinakuwa bapa.

Nyota moja, nayo ni ya mkunjo. Mkuu wangu anataka tuhuishe leseni kwa sababu ya mfereji, na huenda nikamkubalia. Lakini kwa ganda nyumbufu tusiongeze hata senti.